Trisikli Zilizoondoka Zenyewe

Amefariki fundi wa umeme ambaye wasomaji wa siku nyingi wa safu hii walimfahamu bila kulijua jina lake. Habari nilizipata Jumatatu asubuhi kwa simu, kutoka kwa mwanamke mmoja muuza samaki ambaye nitamweleza huko mbele, na alizisema kwa maneno machache sana: “Papa, mama yetu wa courant ameshakufa. Ni tension. Kuya ku kilio.” Nikamuuliza ilikuwaje, alikuwa na nani, amelazwa wapi. Nilisikia watu wakilia nyuma yake, halafu simu ikakatika. Nilivaa shati jeusi nikaenda mtaa wa Katuba, na nilikaa msibani mpaka tulipomzika. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kuliko huzuni. Wanaonisoma kila wiki wananijua kuwa mtu wa maneno mapole. Wiki hii wanivumilie. Mwanamke huyu alikufa kwa presha, ugonjwa ambao mjini kwetu unatajwa kama vile ni mvua, kitu kinachokuja tu na hakina mwenyewe. Mimi naona presha ya mtu wakati mwingine ina mwenyewe.

Alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki, mmoja wa wale watu wa kaskazini mwa Katanga walioletwa huku na treni na wakazeekea kwenye nyumba za matofali za kampuni. Baba yake alitaka awe mtawa. Yeye akaenda kusomea umeme pale chuo kikuu cha Kasapa, akatoka na shahada yake ya uhandisi, akafanya kazi miaka kadhaa kwa wakandarasi wa migodi, kisha akaacha kwa sababu, alivyokuwa akisema, alichoka kutengeneza mitambo ambayo hakuna mtu wa mtaani kwake aliyewahi kuipanda. Akafungua karakana yake kando ya barabara iendayo Kasapa. Pikipiki za umeme ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuingia mjini, na mafundi wa injini walikuwa wakizitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyesema lugha yoyote. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na sauti ya kukemea hata anapokusalimia. Wateja walimwita mama ingénieur, yaani mama mhandisi. Nadhani wengi wao walimwogopa kidogo kabla ya kumpenda.

Mimi nilimjua kwa sababu ya pikipiki yangu. Mwaka ule petroli ilikuwa adimu, foleni kwenye vituo zilikuwa zinakula nusu ya siku, nami nikashawishika kununua pikipiki ndogo ya umeme ya kunipeleka ofisini katikati ya mji. Ilinipeleka vizuri kiangazi chote. Mvua zilipoanza, ikaanza kuzimika njiani, kisha ikakataa kabisa kwenda ingawa taa zote zilikuwa zinawaka. Aliyeniuzia alinyanyua kiti, akatazama ndani, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akaniambia betri imekufa na sina budi kununua nyingine. Nikaisukuma hadi kwake.

“Nani alikuambia batterie imekufa?” akaniuliza kabla hata sijaiegesha.

“Aliyeniuzia.”

“Aliipima?”

“Aliitazama.”

“Batterie habaangaliake na macho, papa. Banaipimaka.”

Akaegemeza pikipiki juu ya gogo ili gurudumu la nyuma lining’inie, akachomeka nyaya za kipimo chake kwenye betri, akanionyesha namba. Betri ilikuwa nzima. Akaniambia nizungushe mkono wa mwendo, ule mkono wa kulia wa usukani. Nikazungusha, gurudumu halikutikisika. Ndipo akaenda upande wa kushoto, chini ya kishikio cha breki, akachomoa kijiwaya chembamba ambacho mimi sikuwahi kujua kuwa kipo, akaniambia nizungushe tena. Gurudumu likavuma. Akanieleza kwamba ndani ya kile kishikio kuna swichi ndogo. Ukifunga breki, swichi inakiambia kisanduku kinachogawa umeme, kile mafundi wanachokiita contrôleur, kikate umeme wa mota mara moja, ili mota isishindane na breki. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kwenye swichi, ikashika kutu, ikaganda. “Pikipiki yako inawaza uko unafunga frein saa yote,” akasema. “Haina ugonjwa mwingine.” Akaitoa ile swichi, akaweka nyingine, akabadilisha na ya upande wa pili ambayo ilikuwa inaanza kuoza, akazipaka grisi. Nilipokuwa naondoka akaniita.

“Kwenda umuone ule muntu aliyekuuzia.”

“Nimwambie nini?”

“Umuambie apime.”

Tangu siku hiyo nikawa napita pale mara kwa mara, hata pikipiki ikiwa haina tatizo. Nilipenda kumsikiliza anavyogomba. Siku moja aliletewa betri yenye kibandiko kinachokataza mtu yeyote kuifungua, akaigeuzageuza mkononi akacheka kicheko kikavu. “Tunachimbaka ile vitu hapa kwetu,” alisema, akimaanisha madini ya kutengenezea betri, “banakwenda nayo, banaifunga mu carton, banaturudishia, halafu banatukataza kuifungula.” Akaifungua. Seli moja tu ndiyo ilikuwa mbovu, zote nyingine zilikuwa hai.

Kisha ikaja ile kampuni. Sitaitaja, na wala haina haja ya kutajwa. Wanaoishi mjini wanaijua kwa rangi ya vyombo vyake. Ilileta pikipiki za umeme za magurudumu matatu, zenye sanduku la mizigo nyuma, ambazo sote tunaziita trisikli, ikawa inazikodisha kwa siku kwa wachuuzi. Waliokodi wengi walikuwa wanawake wa sokoni, wa unga, wa makaa, wa mboga. Kusema kweli lilikuwa jambo zuri. Yule muuza samaki aliyenipigia simu alikuwa mmoja wao. Yeye ni mjane aliyetoka Pweto na biashara ya samaki wakavu, na kwa miaka yote alikuwa akiwategemea wasukuma mikokoteni, ambao walimchelewesha, wakamtukana, na kila safari wakaondoka na samaki mmoja au wawili mifukoni. Alipopata trisikli alijifunza kuiendesha kwa asubuhi moja. Alifunga kitambaa cha kitenge kwenye usukani na akawa anapita barabarani ameketi wima kama mke wa gavana. Kampuni ilipotafuta mkuu wa karakana yake, ikamchukua mama ingénieur, naye akakubali kwa furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Hatimaye alikuwa anatengeneza kitu ambacho watu wa mtaani kwake wanakipanda.

Msimu wa pili wa mvua, mwendeshaji mmoja akarudisha trisikli akisema imekimbia yenyewe. Wakamcheka. Akaja wa pili na hadithi ileile, kwamba alikuwa amesimama, hakugusa kitu, chombo kikaruka kwenda mbele kama mbuzi aliyechomwa. Maneno ya uchawi yakaanza kuzunguka sokoni, na siku moja mchungaji akaletwa karakanani kuiombea trisikli. Mama ingénieur alimwacha amalize sala yake, akamshukuru, kisha akachukua bisibisi akaufungua ule mkono wa mwendo. Mkono huo una nyaya tatu. Alikuta waya mweusi, ule wa kurudishia umeme, umekatika ndani ya ngozi yake pale unapopinda chini ya usukani, kwa sababu ulikuwa mwembamba mno na ulikuwa umebanwa mahali usukani unapogeukia. Kwa nje hauonekani. Waya huo ukikatika, mkono unatuma habari kwamba umezungushwa mpaka mwisho, hata kama hakuna aliyeugusa. Contrôleur nzuri inatambua kwamba habari hiyo haiwezekani, inazima mota. Zile za trisikli zetu, za bei rahisi, hazikutambua kitu, zilitii. Na juu ya hilo, trisikli zile hazikuwekewa ile swichi ya breki niliyoieleza hapo juu. Mota ikishaamua kwenda, breki inabaki kushindana nayo kwa nguvu za mguu wa mama mwenye mzigo wa samaki.

Alimwita mkurugenzi wa kampuni aje aone. Nilikuwepo, maana alinialika na mimi. Alining’iniza gurudumu la nyuma la trisikli moja juu ya meza ya kazi, akawasha, akachukua koleo akaukata ule waya mweusi mbele ya macho yetu. Gurudumu lilinguruma mpaka meza ikatetemeka. Mkurugenzi, kijana mwenye viatu safi sana, akatazama, akasema, “Sasa umeikata weye mwenyewe.”

“Ndiyo,” akajibu. “Na njia ya Katuba itaikata vilevile, polepole.”

Alimwomba trisikli zote zirudishwe karakanani, zibadilishwe contrôleur na mikono ya mwendo, na kama contrôleur haziwezekani kwa haraka, basi angalau kila moja iwekewe swichi ya breki. Mkurugenzi alikubali mikono tu, tena kwa zile zilizolalamikiwa tu. Swichi za breki akazikataa, kwa sababu kiwanda hakikuziweka, na ukiongeza kitu ambacho kiwanda hakikuweka, garanti inapotea. Mikono mipya ililetwa, ikatolewa kwenye kreti ileile ya ile ya zamani, na waya wake mweusi ulikuwa mwembamba vilevile.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichomfanya ajulikane mjini, na wengi walikijua vibaya. Kila trisikli iliyoingia karakanani, hata kama imekuja kwa pancha au kwa taa, hakuitoa tena. Uwanja ukajaa. Aliposikia kwamba kampuni itakuja kuzichukua, alifunga geti kwa kufuli, akauweka ufunguo kifuani ndani ya blauzi yake, akakaa juu ya kiti cha plastiki. Nikamuuliza kama haogopi polisi. Akasema polisi hawatakuja. Na kweli polisi hawakuja. Mkurugenzi naye hakuja. Aliwatumia wanawake wa sokoni habari kwamba vyombo vyao vimeshatengenezwa, viko tayari, ila mama ingénieur amevifungia na hataki kuvitoa.

Wakaja asubuhi, kundi zima, wengine na watoto mgongoni. Mbele yao alikuwa yule mjane wa samaki.

“Fungula!”

“Sitafungula.”

“Batoto yangu banakula nini leo?”

“Mama, sikiliza. Ile kitu itakuua.”

“Njaa njo itaniua mbele ya ile!”

Alijaribu kuwaonyesha. Alivuta trisikli moja mpaka karibu na geti, akafungua mkono, akawa anawaonyesha waya kupitia nondo, lakini hakuna aliyetazama mikono yake. Wote walikuwa wanatazama uso wake. Walimwita mchawi. Walimwita mwanamke wa bure, mwenye kuzeeka bila mtoto, na maneno mengine ambayo gazeti hili halitayachapa. Alivumilia yote akiwa amesimama, mpaka yule mjane aliposhika nondo za geti kwa mikono miwili na kusema kwa sauti ya chini, ambayo mimi niliyesimama pembeni niliisikia vizuri: “Weye uko na mushahara wa mwezi. Miye nakula ya leo, leo.”

Baadaye mama ingénieur aliniambia kwamba matusi hayakumfanya kitu, lakini neno lile lilimshinda, kwa sababu lilikuwa la kweli. Alikuwa amemwomba mkurugenzi awape wanawake wale riziki ya siku ambazo vyombo vitakuwa karakanani, na mkurugenzi alikuwa amecheka. Muda si mrefu, msaidizi wa mkurugenzi akafika na ufunguo wa pili. Geti likafunguliwa. Wanawake wakaingia kwa vigelegele, kila mmoja akaondoka na trisikli yake, na mwanamke aliyekuwa amewazuia akabaki amesimama kando ya ukuta huku wakimpita. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amefukuzwa kazi.

Niliandika habari hiyo katika safu hii. Watakaokumbuka watakumbuka pia majibu. Kampuni ilijibu kwa makala ndefu yenye picha, kuhusu maendeleo ya mwanamke wa Kikongo, na neno waya halikuwamo hata mara moja. Wasomaji wengine waliniambia nachukia maendeleo. Mmoja aliuliza wenye vituo vya petroli wananilipa nini. Basi. Mvua ziliendelea kunyesha, trisikli zikaendelea kupita.

Yule mjane aliumia siku moja baada ya mvua ya asubuhi, wakati anakaribia soko. Alivyonieleza, alikuwa anakwenda taratibu, akahisi chombo kinavuta. Akaachia mkono wa mwendo kabisa; kikazidi kuvuta. Akakanyaga breki kwa mguu mzima, akasimama juu yake, na bado kikawa kinakwenda, mota inalia na breki inalia. Mbele yake walikuwa wamama wa nyanya wameketi chini na vikapu vyao. Akageuza usukani kuelekea kwenye ukuta wa duka. Hakuna muuza nyanya aliyeguswa. Mguu wake wa kulia ulibaki kati ya bomba la trisikli na ukuta, na madaktari walipoupokea hakukuwa na cha kuunganisha. Waliukata juu ya goti.

Kampuni ilisema mwendeshaji alishtuka akazungusha mkono badala ya kuuachia. Trisikli ikachukuliwa na kuwekwa kwenye uwanja wa kampuni yenyewe, kwa usalama, walivyosema, mpaka kesi ya madai ya mjane isikilizwe. Wakati ulipofika wa kuikagua, mama ingénieur alikwenda kama shahidi wa majeruhi. Aliniambia alijua kabla hajaigusa. Chombo kizima kilikuwa na matope yaliyokauka, sanduku limepinda, kitambaa cha kitenge kimechanika, lakini mkono wa mwendo ulikuwa unang’aa, mweusi, hauna hata mkwaruzo. Akaufungua, waya ulikuwa mzima.

“Hii poignée ni mupya,” akawaambia waliokuwepo. “Haijaona mvua hata moja.”

Mwakilishi wa kampuni akatabasamu. “Mama, siye tunachungaka vyombo vyetu muzuri.”

Kwisha. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi. Mkono ulipimwa, ukaonekana mzima, na kosa likabaki kwa mwanamke aliyelala kitandani na mguu mmoja.

Nilidhani wanawake hawa wawili wasingetazamana tena. Lakini fundi alikuwa ameshakwenda hospitalini muda mrefu kabla ya ukaguzi ule, siku chache tu baada ya ajali. Mjane ndiye aliyenisimulia. Alipomwona mlangoni aligeuza uso ukutani akamwambia, “Umekuya kunicheka.”

“Sikukuya kucheka. Nimekuya kuuliza. Ilianza saa uliwasha na clé, ao saa ulikuwa unakwenda?”

“Saa nilikuwa nakwenda.”

“Ulikuwa umegeuza guidon?”

“Kidogo. Nilikuwa nakwepa shimo.”

“Njo pale waya ilikatika,” akasema fundi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Mjane anasema alianza kucheka kwa uchungu, kwa jinsi mwanamke yule alivyokuja kumwona mgonjwa na maswali ya nyaya, kisha kicheko kikageuka kilio, na fundi akamshika mkono mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Alirudi kesho yake na bukari, ugali wetu wa huku, na samaki. Akaendelea kurudi.

Baada ya kesi alirudi kwenye karakana yake ya barabara ya Kasapa, akaanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alikuwa anakusanya swichi za breki kutoka kwenye pikipiki zilizokufa, anazisafisha, anazipima moja moja, na kila trisikli iliyosimama mbele yake anaifungia swichi, ili angalau mguu ukigusa breki, umeme ukatike. Hakudai kitu. Mwanzoni walisimama wachache. Mjane, ambaye sasa aliuza samaki wake ameketi sehemu moja sokoni, akawa anawatuma: kila aliyekuja kununua akiwa na trisikli, alimfunulia kisiki cha mguu wake na kumwelekeza Kasapa. Wakaanza kufika wengi.

Kampuni iliposikia ikatangaza kwamba chombo kitakachokutwa na kifaa cha kigeni kitanyang’anywa. Na hapo nikaona jambo ambalo hata leo nikilifikiria linanichukiza. Wanawake walewale wakaanza kurudi karakanani kumwomba azitoe zile swichi. Walikuja na aibu, wengine walileta ndizi. Naye, aliyewahi kuwafungia geti, safari hii hakugomba na mtu. Kwa aliyekubali kubaki nayo, alizizungushia nyaya utepe mweusi na kuzificha chini ya mkeka wa miguu ili mkaguzi asizione. Kwa aliyeogopa sana, alichukua bisibisi akaitoa swichi, akaifuta, akairudisha kwenye kopo. Nilimkuta siku moja akifanya hivyo, nikamuuliza anajisikiaje. “Nasikia kichwa inauma,” alisema. Nikadhani ni namna ya kusema. Alianguka mchana mmoja akiwa kazini, wanawake wawili waliokuwa wanasubiri wakampakia kwenye trisikli wakamkimbiza kwenye kituo cha afya. Hakuamka. Alikaa siku chache, akaondoka.

Msibani, kabla ya kwenda makaburini, lilifika gari safi na shada la maua ya plastiki kubwa kuliko meza iliyowekewa picha yake. Akashuka yule mwakilishi, akaomba neno. Akasema marehemu alikuwa mwenzao, nguzo ya mwanzo ya kampuni, mtu aliyejali usalama kuliko kitu chochote. Akasema, na sikuamini masikio yangu, kwamba kwa heshima yake trisikli mpya zitakazoletwa zitakuwa na mfumo wa kisasa unaokata umeme mara tu breki inapoguswa. Watu wengine wakapiga makofi. Walikuwa hawajui. Ndipo yule mjane akajiinua kwa magongo yake, taratibu, katikati ya viti, na watu wakanyamaza kwa sababu mtu mwenye magongo anaposimama watu hungoja.

“Patron,” akasema, “useme pia kama mulimufukuza.”

Katekista, mtu mwema asiyependa fujo, akaanzisha wimbo haraka, waimbaji wakaupokea, na neno lake likafunikwa. Gari likaondoka kabla ya jeneza. Tulipokuwa tunatembea kutoka makaburini, mjane alinivuta mkono wa shati.

“Papa, utaandika?”

“Nitaandika.”

“Basi andika kama kelele ya kwanza pale ku geti ni miye njo niliipiga. Usifiche ile.”

Nimeandika kama alivyotaka, ingawa simwoni kuwa na hatia. Nimekaa wiki nzima nikijiuliza kwa nini hadithi hii inanikera kuliko nyingine nyingi za mji huu ambazo nimeziandika na kuzisahau. Si kwamba ukweli haukujulikana. Ulijulikana mapema, ulionyeshwa juu ya meza, gurudumu likinguruma. Si kwamba dawa yake ilikuwa ngumu. Sasa wanaiuza kama uvumbuzi wao. Kilichokosekana ni mtu wa kubeba hasara ya siku chache za kusimama, na mwenye uwezo wa kuibeba aliona ni rahisi zaidi kuwaachia wasio na uwezo waipiganie kati yao. Mwanamke mwenye njaa na mwanamke mwenye bisibisi walitukanana kupitia nondo za geti, na wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mmoja akapoteza mguu, mwingine tumemfukia. Aliyewagombanisha alikuwa ofisini kwake katikati ya mji asubuhi ile, na hakuna mtu hata mmoja, mimi nikiwa nimesimama palepale na kalamu yangu, aliyesikika akiuliza yuko wapi.

Atatokea mwingine. Mji huu unapokea kila siku mashine mpya kutoka mbali, na kila mashine itakuwa na waya wake mwembamba mahali fulani, na atakuwepo mtu atakayeuona na kusema tusimame kwanza. Siku hiyo tutakuwa na njaa, kama kawaida yetu, na tutataka kumpigia mtu kelele. Ni haki yetu. Ila kabla hatujafungua midomo, tuulize mashine ni ya nani, tumtafute huyo, na kelele yote tumpelekee yeye.